Kolekole wa Maji Mekundu

Jumamosi iliyopita Zuhura alinikuta barazani nikichambua kunde, akakaa kwenye ngazi na simu yake mkononi. Zuhura ni binti wa duka la vitambaa hapa Voi, yule mwenye fimbo ya kuvulia ya kijani. Akaniambia, "Shosh, wikendi ijayo tunashuka na treni mpaka Mombasa, halafu Kilifi. Hebu nitumie tu pini ya pale kolekole hukaa, tusipoteze muda."

Nilicheka mpaka kunde zikamwagika. Mwadime wa bodaboda, ambaye ndiye aliyemleta, akaongeza bila kushuka kwenye pikipiki, "Ama uandike kwa grupu ya wavuvi, Shosh, kila mtu asome."

Haya, naandika kwa grupu. Lakini itakuwa ndefu, na ole wake atakayeniwekea kidole gumba kabla hajamaliza kusoma. Nimefanya kazi ya kutafuta samaki huyu tangu nikiwa msichana mpaka magoti yaliponikataza kuruka botini, na sijawahi kuwa na pini yake. Kolekole hana boma. Ukimkuta leo nyuma ya jiwe fulani, ni kwa sababu leo maji yamemletea chakula nyuma ya jiwe hilo. Kesho maji yakipita kwingine, utavulia jiwe.

Kwa wale wapya ambao kila samaki mwenye mkia wa panda wanamwita kolekole, nieleze kidogo. Kolekole ni mpana, rangi ya fedha, na akizeeka hugeuka kijivu cha moshi. Paji la uso limesimama kama la fahali. Karibu na mkia ana safu ya magamba magumu, ukimshika vibaya yanakukata kama msumeno. Haogopi kitu. Nimewahi kumwona akimfukuza mkizi mpaka mkizi akarukia mchanga mkavu, na yeye nyuma yake, tumbo limekwama, anapiga mkia kwa hasira arudi majini. Wadogo hukaa ndani, pale mkono wa bahari unapoingia bara katikati ya mikoko. Wakubwa hukaa nje, kwenye ukingo wa mwamba ambapo maji ya kina kifupi huanguka ghafla kuwa meusi, na kwenye mapengo ya mwamba ambamo maji hupita kwa kasi. Kati ya hao wadogo na hao wakubwa kuna mlango, na mlangoni ndiko nilikokula mkate wangu.

Mwalimu wangu alikuwa Nahodha Faki, mzee wa Kilifi ambaye hakuwahi kuniambia jambo moja mara mbili. Siku ya kwanza kabisa aliniambia, "Mwanangu, samaki humtafuti. Watafuta mahali ambapo mnyonge hana pa kukimbilia. Hapo mkubwa atakuja mwenyewe kula." Nimevua nchi nzima ya pwani na maneno hayo na sijaona mahali yaliponidanganya. Fikirini mkizi. Maji yakijaa, mkizi anaingia kwenye mikoko, anakula, amejificha, hana wasiwasi. Maji yakianza kupwa, mikoko inabaki kavu, na mkizi apende asipende lazima atoke kupitia ule mlango mwembamba. Sasa mngekuwa nyinyi kolekole mngesimama wapi?

Mtaniuliza mimi mtoto wa Werugha niliyazoea wapi maji ya chumvi. Huko kwetu ukungu ukishuka hata ng'ombe humwoni, seuze bahari. Nilishuka Kilifi juu ya lori la kabeji. Baba yangu, Mzee Mwakio, alikuwa na matuta mazuri ya mboga na ng'ombe wa maziwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda na mzigo kuhakikisha dereva hauzi kabeji zetu njiani. Mteja wetu mmoja alikuwa Bi Nasra, mjane aliyekuwa na nyumba ya wageni wavuvi na boti moja nzuri. Mpishi wake aliugua, nikabaki wiki moja kusaidia jikoni. Wiki ikawa mwezi. Nikawa napeleka chakula botini, nikawa naosha boti, na siku baharia mmoja alipokosa kufika, Faki akaniangalia mikono akasema, "Wewe umekama ng'ombe. Panda."

Msidhani nilipanda nikawa hodari. Siku yangu ya pili Faki aliniambia nitupe nanga. Nikaitupa, kwa nguvu zote za mtu anayetaka kusifiwa. Nanga ikaenda, kamba ikaenda nyuma yake, na mwisho wa kamba nao ukaenda, kwa sababu sikuwa nimeufunga mahali popote. Faki alitazama maji kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Imekuaga?" Mpaka leo, nyinyi mnaonicheka kwa kukagua kila fundo mara mbili, sasa mmejua kwa nini.

Mara nyingine nilijizungushia mshipi kiganjani ili nisikie samaki vizuri, kama ninavyojizungushia kamba ya ng'ombe. Kolekole akapokea. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye ule mshipi. Karisa, baharia mwenzangu, mtu mzima mwenye watoto wake, alinifunga kitambaa akisema, "Dada, ng'ombe ukimshika anasimama. Huyu ukimshika ndiyo anaanza safari." Tangu hapo namwambia kila mtu: mshipi haufungwi mkononi, hata kidogo, hata kwa samaki wa kidole.

Siku hizi mna mambo mazuri, na sitawadanganya kuwa zamani ndiyo ilikuwa bora. Mishipi yenu ni myembamba na haikatiki ovyo. Miwani yenu inaona chini ya maji. Mnambusu kolekole, mnampiga picha, mnamrudisha akiwa hai, na hilo ndilo jambo linalonifurahisha kuliko yote, kwa sababu sisi tulimpandisha kila mmoja mizani, na kuna miamba ambayo iliishiwa samaki kwa sababu yetu. Simu zenu zinawaambia maji yatajaa saa ngapi. Sisi tulitazama mwezi, na mara nyingine mawingu yalitunyima mwezi.

Lakini simu haiwaambii Werugha kumenyesha.

Hapa ndipo nataka mkae vizuri, maana hili ndilo jibu la Zuhura. Mto wetu huu wa Voi, ambao miezi mingi ni mchanga mtupu na watoto wanauchezea mpira, hauishii hapa mjini. Unaingia mbugani, unabadilishwa jina njiani, watu wa huko wanauita Goshi, na mwaka wa mvua kubwa unafika mpaka Kilifi na kumwagika katika ule mkono wa bahari. Si kila mwaka. Mara nyingi mchanga huunywa njiani. Lakini ukifika, unafika na udongo wa kwetu, mwekundu, na unatoka mlangoni kama zulia lililotandazwa juu ya maji ya buluu. Mkizi aliye ndani ya maji mekundu haoni mbele. Kolekole anasimama upande wa maji safi, pembeni kabisa mwa ule mstari, na kila kinachotoka gizani anakimeza.

Nililijua hilo kwa sababu ya baba yangu, na nililijua siku ambayo nilikuwa karibu kupoteza kila kitu.

Ulikuwa msimu wa mashindano ya wavuvi wa fimbo. Boti zote kubwa za pwani zilikuja Kilifi, na mshindi alikuwa yule ambaye mgeni wake angeleta kolekole mzito kuliko wote. Faki alikuwa ameteleza kwenye ngazi za gati na goti lake lilikuwa limevimba. Hangeweza kusimama, seuze kushika usukani. Bi Nasra aliniita sebuleni kwake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyapima.

"Mghoi," akasema, "Faki asema wewe waweza. Mimi sijui. Nitakupa boti siku moja. Ukirudi na samaki wa kuonekana, boti yako. Ukirudi mtupu, nitaleta nahodha kutoka Lamu, nawe utarudi jikoni, usinikasirikie."

"Sitakukasirikia, Bi Nasra," nikasema.

Wale manahodha wengine waliposikia, walicheka wakashika mbavu. Walikuwa wananiita Kabeji tangu zamani. "Kabeji kapewa boti!" mmoja aliita kutoka gatini. "Leo samaki watakula mboga!"

Alasiri, siku moja kabla ya mashindano, nikiwa ufukweni nakagua mishipi, nikaona mtu mrefu anakuja juu ya mchanga. Amevaa koti zito la baridi, jua la Kilifi linampiga utosini, na gunia liko begani. Mtu wa namna hiyo hutoka sehemu moja tu duniani.

"Baba!"

"Mghoi," akasema. "Bado uko hai."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Akatua gunia. Hakutazama bahari. Alisimama ameipa mgongo, kama mtu aliyekosana na jirani.

"Nimekuja kukuchukua," akasema. "Kuna kazi ya dukani Wundanyi, nimeshazungumza na mwenyewe. Keshokutwa asubuhi tunapanda basi."

"Baba, kesho ndiyo siku yangu ya kwanza kushika boti."

"Basi itakuwa ya kwanza na ya mwisho."

Sikumjibu kwa ukali, na si kwa sababu nilikuwa mpole. Nilijua anachobeba moyoni. Ndugu yake mdogo alishuka Mombasa kutafuta kazi kabla mimi sijazaliwa, akaenda kuogelea na wenzake, na maji yakamchukua. Baba aliitwa kutoka Werugha akasimama ufukweni akingoja mwili. Hakuwahi kutusimulia alichokiona. Mama ndiye aliyetuambia kwamba tangu siku hiyo baba hakutaka hata kusikia mtu akitaja pwani, na kwamba kabeji zilipoanza kupelekwa huko yeye ndiye aliyekataa kwenda na lori, nami nikaenda badala yake. Kwa hiyo mjue kwamba kufika pale tu, kwa mguu wake, kulikuwa kumemgharimu.

Nikamkalisha kivulini mwa banda la boti, nikampa maji, nikamuuliza safari ilikuwaje ili tuzungumze jambo jingine.

"Mbaya," akasema. "Nimekwama Voi siku mbili. Mvua imepiga milima yote. Ukuta wa tuta letu la chini umeondoka wote. Mto wa Voi umejaa ukingo hadi ukingo, mwekundu kama uji wa wimbi, na watu wamesimama darajani wanautazama tu."

"Umejaa tangu lini?"

"Tangu kabla sijafika Voi. Kwa nini? Unanisikiliza lakini?"

Nilikuwa namsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza maishani.

Nikaenda mbio kwa Faki. Alikuwa amelala juu ya mkeka, goti limefungwa majani ya mbarika. Nikamweleza. Akajiinua kwa kiwiko, akauliza, "Maji ya kwenu yaja?"

"Yanakuja, Mzee. Sijui kama yatafika kesho."

"Wajua ama hujui?"

"Sijui. Lakini yakifika, yatatoka mlangoni maji yakipwa, mchana."

"Nahodha nani?"

"Mimi."

"Basi mbona waniuliza mimi?" Akageukia ukutani. Niliudhika sana wakati ule. Sasa najua alinipa zawadi.

Asubuhi ya mashindano mgeni wetu, daktari wa kutoka Nairobi, akaamka na homa. Anatetemeka, hawezi hata kukaa. Sheria zilisema mabaharia hawashiki fimbo, ni mgeni tu. Bi Nasra alisimama ufukweni katika buibui lake, boti nyingine zimeshawasha injini, akasema, "Hakuna mvuvi, hakuna mashindano. Haya, fungeni boti."

Nilibaki na kamba ya boti mkononi. Karisa akaanza kukunja mshipi polepole, bila kunitazama.

Bi Nasra akageuka kwenda zake, akamwona baba amekaa juu ya gunia lake. Akasimama. "Na mzee huyu ni nani?"

"Ni baba yangu."

"Mzee, umepata kuvua?"

"Mimi ni mtu wa ng'ombe, mama," baba akasema. Kisha akanionyesha kwa kidole. "Huyu atakuwa ndani ya hiyo boti?"

"Yeye ndiye nahodha."

Baba alitazama bahari kwa mara ya kwanza tangu afike. Aliitazama kwa muda mrefu, taya limekaza. Halafu akainama, akavua viatu, akafunga kamba zake pamoja na kuvining'iniza shingoni.

"Kama ni kumchukua, ituchukue wote wawili," akasema. "Mimi sitasimama tena ufukweni kungojea."

Hivyo ndivyo Mzee Mwakio, mzee wa kanisa kutoka Werugha, alivyoandikishwa mashindano ya kolekole.

Boti zote zilikwenda nje, kwenye mapengo ya mwamba mkubwa, pale ambapo kila mwaka mshindi alitoka. Mimi nilibaki mlangoni. Karisa alivumilia kidogo, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Nahodha, wenzetu wote wamekwenda nje."

"Nimewaona."

"Na hapa maji ni safi kabisa."

"Nimeyaona pia."

Baba hakuwa na maoni. Alikuwa amekula kimanga kizito asubuhi, ule mseto wetu wa muhogo na maharagwe, kwa kudhani boti inapandwa na shibe, na sasa kimanga chote kilikuwa kinarudi, tonge baada ya tonge, na samaki wadogo wakifurahi. Kila alipoinua kichwa aliuliza, "Tumefika?" Nami nikamjibu, "Baba, hapa ndipo tunapokwenda."

Redioni manahodha walikuwa wanaburudika. "Kabeji, mbona umesimama? Unapalilia?" Mwingine akajibu, "Mwacheni, anangoja mvua." Hakujua amesema kweli.

Maji yakajaa mpaka mwisho, yakatulia. Nilikuwa nimeshika usukani na jasho linanitiririka ingawa upepo ulikuwepo. Nikaanza kujiuliza kama mchanga wa mbugani umeyanywa maji yetu yote. Kisha maji yakaanza kupwa. Mwanzoni nikaona povu tu. Halafu majani. Halafu tawi zima lenye magome mekundu likapita kando ya boti, na nyuma yake, kutoka ndani, ukaja ule udongo wa kwetu, ukitembea juu ya bahari.

Baba aliinua kichwa. "Mghoi," akasema polepole, "hayo ni maji ya Voi."

"Ndiyo, Baba."

"Yamefika mpaka huku?"

"Yamekufuata."

Membe, wale ndege weupe wa bahari, wakaanza kushuka. Mkizi wakaanza kuruka pembeni mwa mstari, kundi kwa kundi. Karisa hakungoja kuambiwa, alimtia mkizi hai kwenye ndoana, nami nikaipeleka boti taratibu upande wa maji ya buluu, mstari mwekundu uko karibu hata ungeugusa kwa kasia. Nikamweka baba kwenye kiti, nikamfunga mkanda, nikampa fimbo.

"Nifanye nini?"

"Shikilia."

Hatukuvuta mbali. Maji yalipasuka nyuma yetu kama mtu ametupa mlango ndani yake. Fimbo ikapinda, rili ya mshipi ikalia kilio kilichomshtua hata Karisa. Baba akafanya kile ambacho kila mtu hufanya. Akakaza mikono na kuvuta kwa nguvu zake zote.

"Usivute, Baba! Utakata!"

"Anakwenda!"

"Mwache aende! Baba, unamkumbuka yule fahali mwekundu aliyekata kamba tukimpeleka mnadani? Ulimkamataje?"

Nikaona uso wake unabadilika. Aliacha kuvuta. Aliketi sawa, akalegeza mabega, na kuanza kuzungumza na samaki kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, kwa sauti ileile aliyozungumzia na ng'ombe wakati wa kukama. Samaki akienda, anamwacha, anamsifu. Samaki akichoka, anakusanya mshipi kidogokidogo, anamkaripia. Tumbo lilikuwa limesahau kabisa habari ya kutapika.

Lakini kolekole si fahali, na huyu alikuwa mzee. Alijua mawe yalipo. Alipoona hawezi kuukata mshipi kwa nguvu, akageuka na kukimbilia mawe ya upande wa kusini mwa mlango, pale mawimbi yanapovunjika. Akifika humo, mshipi unasuguliwa kwenye mwamba na hadithi imekwisha. Kumvuta kutoka pale kusingewezekana. Njia ilikuwa moja, boti iwahi kuingia kati yake na mawe, imtishe arudi kwenye kina.

"Nahodha, pale ni padogo," Karisa akasema.

"Najua. Tazama mawe upande wako, uniambie."

Nikaongeza moto. Mawimbi yalitunyanyua, nikaona chini ya maji yale mawe ya kahawia yanapita, yanapita, na Karisa anaita, "Bado! Bado! Kulia kidogo! Bado!" Baba hakugeuka hata mara moja kuangalia tunapokwenda. Nilimwona amefumba macho, mdomo unacheza, sijui ni sala au ni samaki aliyekuwa anaambiwa. Nikaizungusha boti, injini ikanguruma juu ya kichwa cha yule samaki, na mshipi ukageuka. Ukaelekea nje. Kwenye kina, mbali na mawe.

"Amerudi!" Karisa akapiga kelele. "Amerudi kwetu!"

Baba alimaliza kazi iliyobaki bila haraka. Samaki akatokea ubavuni mwa boti, rangi ya moshi, mpana kama meza. Karisa akapiga kulabu, mimi nikashika mkia, na hata hivyo ilibidi baba afungue mkanda aje kutusaidia. Samaki akaanguka sakafuni na kukoroma, maana kolekole hukoroma akitolewa majini.

"Analalamika," baba akasema, akihema. "Mwambie hata mimi nimechoka." Kisha akakaa sakafuni kando yake, akaweka mkono juu ya lile paji pana, akaanza kucheka. Sikuwahi kumwona baba akicheka namna ile.

Boti za nje zilirudi na samaki, tena wazuri. Kila mmoja alipandishwa mizani watu wakapiga makofi. Sisi tulifika mwisho. Tulipomnyanyua wetu, kamba ya mizani iliteremka mpaka yule mwenye kupima akaisogelea atazame tena. Akasoma uzito uliowashinda wote, na gati lote likalipuka kwa shangwe. Wale manahodha waliokuwa wakinicheka ndio walionibeba juujuu, na jina la Kabeji, siku hiyo, nililisikia likiimbwa kama jina la timu ya mpira. Faki alikuwa ameletwa kwa mkokoteni, goti lake limenyooshwa mbele. Alimtazama samaki, akanitazama mimi, akasema, "Nanga uliifunga?" Nikamwambia niliifunga. Akatikisa kichwa, machozi yanamlenga.

Bi Nasra akanisogelea. Alifungua mkoba, akatoa ufunguo wa boti, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole juu yake.

Niliishika boti ile mpaka ilipochoka, nikashika nyingine, nikawafundisha wengi, na wawili kati yao leo ni manahodha wanaotafutwa na wageni kutoka mbali. Kila mvua kubwa ilipopiga milima ya Taita, mama alinipigia kwa simu ya jirani, baadaye kwa yake mwenyewe, kunieleza mto ukoje. Wenzangu walidhani nina uganga. Kwa hiyo, Zuhura na wenzako, kabla ya kukata tikiti, nendeni mkasimame darajani hapa Voi mtazame mto. Ukiwa umejaa, ngojeni udongo ufike, ngojeni maji yapwe, simameni upande wa maji safi. Ukiwa mkavu, nendeni ukingo wa mwamba asubuhi, mtafute povu. Na mkimpata mzee wa rangi ya moshi, mshikeni kwa mikono yenye maji, mrudisheni, akaendelee.

Baba aliondoka asubuhi ya pili yake, kama alivyosema. Tulimla yule samaki mtaa mzima, na kichwa baba alikiomba, kikapakwa chumvi na kufungwa vizuri ndani ya gunia lake. Nilimsindikiza mpaka stendi. Njiani hakutaja duka la Wundanyi, nami sikumkumbusha. Alinishika mkono kwa muda, akasema tu, "Nitamwambia mama yako nimekuona kazini." Kisha akapanda, nami nikabaki chini ya dirisha lake.

Konda akapita akikagua viti. Akafika kwa baba, akatazama tikiti zake, akauliza, "Mzee, hapa umekata mbili. Mwenye kiti cha pili yuko wapi?"

Baba akalipandisha gunia kutoka sakafuni, akaliketisha kwenye kiti cha dirishani, akalinyoosha likakaa wima.

"Ni huyu," akasema.

"Mzee, hicho ni kiti cha abiria."

"Na huyu ni abiria. Nauli yake imelipwa. Anakwenda Werugha kumsalimia mama yake Mghoi."

Konda akafunua mdomo wa gunia, akachungulia. Akalifunika polepole, akarudi mlangoni, na kumpigia dereva bati waondoke.